Wifi Asema Nawalisha Wanangu Sumu: Ninunue Kikapu cha Oganiki?

Bi Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa tatu yuko njiani, mimba imefika miezi sita. Tunakaa Malindi, mtaa wa Barani. Mume wangu ni mvuvi, hutokea Shella, na wewe mtu wa pwani wajua kusi likivuma nyumba ya mvuvi huwa vipi. Jioni mimi huuza viazi karai na bajia mlangoni, ndiyo inayotusukuma siku ambazo chombo hakikushuka majini.

Wifi yangu anakaa Nairobi. Alikuja kwa Idi, akaingia jikoni kwangu, akachukua nyanya iliyokuwa na unga mweupe karibu na kikonyo, akatoka nayo hadi sebuleni. Mbele ya mavyaa wangu akasema, "Hii ndiyo sumu wanayolishwa watoto wa kaka yangu." Sikujibu. Nilirudi jikoni nikaendelea na biriani yao.

Kesho yake alinipakia tuktuk mpaka duka moja upande wa Casuarina, akaninunulia kikapu cha oganiki. Kikapu ni shilingi 1,800 kwa wiki. Ndani mlikuwa na kilo ya nyanya, mafungu mawili ya sukuma, hoho, karoti, brokoli, kilo mbili za viazi, papai moja na mayai 10. Muuzaji alisema vyote vimetoka shamba lao la Msabaha, na kwamba hakuna hata tone la dawa lililowahi kugusa shamba hilo. Kwenye friji yao walikuwa na changu walioandikwa "samaki wa oganiki". Nilipomhadithia mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo wifi hupiga simu ya video kila Ijumaa nimwonyeshe kikapu. Pesa yetu ya chakula, wiki ikiwa nzuri, ni kama 4,000 pamoja na unga na mafuta. Wiki niliyonunua kikapu mwenyewe, mboga ziliisha siku ya tatu, zilizobaki tukala wali kwa mchuzi wa nazi mtupu. Mume wangu asema dada yake hana nia mbaya. Najua. Lakini nia njema hailipi duka.

Mavyaa ana shamba Kakuyuni. Hutuletea mihogo, kunde, mchicha, nazi, na msimu wa maembe hutuletea ngowe mpaka tunagawia majirani. Wifi asema hivyo si oganiki kwa sababu havina stika. Mavyaa aliposikia alivuta kanga yake akanyamaza, na mimi nikamwonea haya.

Tena tunaishi na shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wao. Hufanya kibarua cha kupuliza dawa kwenye mashamba ya nyanya kando ya Sabaki. Yeye hututania, "Shemeji, hizo mnazokula tumezipiga dawa Alhamisi, Jumamosi ziko sokoni." Pampu yake huiweka nyuma ya jiko, na nguo zake mimi huzifua pamoja na za watoto, kwa hiyo harufu ya hizo dawa naijua. Wifi haniambii nisilolijua.

Nisaidie. Oganiki ni kweli au ni biashara ya wenye nazo? Nikitaka kununua nitajuaje kama ni yenyewe? Na wifi nimjibuje bila kuvunja nyumba?

Mama wa Barani, Malindi

* * *

Marahaba, mwanangu. Mungu akufungue salama.

Nitajibu ulichouliza, ila nianze na ambacho hukukiuliza, maana umekitaja juu juu kama habari ya kawaida. Hiyo pampu itoke nyuma ya jiko leo. Na nguo za shemeji yako usizifue tena, hata mara moja.

Dawa inayobaki juu ya nyanya ya sokoni ni chembe. Iliyolowesha shati la kijana aliyebeba pampu mgongoni tangu asubuhi ni jambo jingine kabisa, nayo hupita kwenye ngozi ya mikono yako ukiifikicha nguo karaini, kisha huhamia kwenye nguo za watoto zilizo maji mamoja nayo. Katika bonde la Salinas huko California, watafiti walifuatilia akina mama wa jamii za vibarua wa mashamba tangu ujauzito. Matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha kuwa watoto ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti mwilini wakati wa mimba walipata alama za chini katika majaribio ya akili walipofika miaka 7. Sikuambii haya ukeshe unalia. Nakuambia kwa sababu mimba bado inaendelea na jambo lenyewe lawezekana kurekebishwa bila kutoa senti.

Pampu na chupa zikae huko huko shambani, kwenye stoo yenye kufuli. Kijana aoge na kubadilisha nguo kabla hajambeba mtoto. Nguo za kazi azifue mwenyewe, peke yake, kwenye ndoo isiyotumika kwa kitu kingine, na ayamwage maji mbali na kisima. Na tafadhali kagua jikoni kama kuna chupa ya dawa iliyooshwa ikatiwa mafuta ya taa au ya kupikia. Nimeona nyumba nyingi zenye chupa hizo. Chupa ikiisha husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuza yakarudishwa kwenye pampu yapulizwe shambani, kisha hutobolewa ili asiitamani mtu. Ukienda kliniki mwambie nesi kwamba umekuwa ukifua nguo hizo.

Haya, sasa kikapu.

Kilimo hai, ndiyo hiyo mnayoiita oganiki, ni habari ya namna chakula kilivyolimwa, hakisemi chochote kuhusu utamu wala umbo lake. Mkulima hatumii mbolea za viwandani, hatumii dawa za kutengenezwa maabara, hatumii mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Udongo anaulisha kwa samadi, mboji na mikunde, na mazao anayazungusha ili wadudu wasizoee sehemu moja. Shamba lililokuwa likipigwa dawa haligeuki kuwa hai siku moja. Marekani, kwa mfano, linatakiwa likae miaka 3 bila vitu vilivyokatazwa ndipo mazao yake yaruhusiwe kuuzwa kwa jina hilo. Sisi Afrika Mashariki tuna kanuni yetu ya pamoja tangu 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Ukiona alama hiyo kwenye pakiti, ujue kuna mtu aliyekwenda kulikagua shamba. Anaweza kuwa mkaguzi wa kulipwa, au kikundi cha wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa, na njia hii ya pili ndiyo nafuu kwa wakulima wadogo. Hapa Kenya shirika linalowaunganisha wakulima hawa linaitwa KOAN, lipo tangu 2005. Bidhaa zitokazo Ulaya zina jani lililochorwa kwa nyota. Neno "oganiki" lililoandikwa kwa kalamu juu ya kibao cha duka halina mkaguzi nyuma yake, wala "asilia", wala "freshi kutoka shamba".

Hapo ndipo muuzaji wako alipojikwaa. Kusema hakuna hata tone la dawa si lugha ya mkulima wa kilimo hai, kwa sababu kilimo hai nacho kina dawa zake. Mrututu unaruhusiwa kwa kiasi maalumu dhidi ya ukungu. Salfa inaruhusiwa, ile ile inayopulizwa kwenye mikorosho. Pareto inaruhusiwa, na Kenya iliwahi kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa pareto duniani. Mwarobaini tulio nao kila uani unaruhusiwa. Mkulima wa kweli wa nyanya hai ukimuuliza, "Mvua ikinyesha wiki nzima ukungu unauzuiaje?", atakueleza mpaka uchoke: nafasi aliyoacha kati ya miche, majani ya chini aliyoyapunguza, mrututu aliochanganya, mwezi alioacha kupanda kabisa. Anayejibu "hatutumii kitu" aidha hajui shamba analouza mazao yake, au anajua.

Na tuje kwenye viazi. Mwanangu, wewe ni muuza viazi karai! Gunia lako linatoka wapi? Linashuka na lori kutoka bara, Nyandarua huko au Meru, kwa sababu kiazi mbatata kinataka baridi. Msabaha haina baridi. Brokoli nayo ni mtoto wa milimani. Kwa hiyo kikapu kinachodaiwa kutoka Msabaha chote, kikiwa na viazi na brokoli ndani, kina maneno yasiyo kweli hata kabla hatujafika kwenye dawa. Inawezekana papai na sukuma ni zao na vingine wamenunua kwa wenzao wanaolima vizuri. Basi waseme hivyo. Rudi kamuulize, kwa upole: kipi ni chenu, kipi mmenunua, mmenunua kwa nani, na nani amemkagua? Majibu yakinyooka, mnunulie kile kilicho chake peke yake, usichukue kikapu kizima. Yakipinda, umejiokolea 1,800.

Samaki ni mfupi. Kanuni za Ulaya na za Marekani hazimruhusu samaki wa kuvuliwa baharini kuitwa oganiki, kwa kuwa hakuna awezaye kusema changu alikula nini huko alikotoka. Mume wako alicheka kwa haki.

Nisimwonee muuzaji lakini. Chakula hai cha kweli hakiwezi kuwa na bei sawa na cha kawaida. Palizi ni ya jembe na mikono, ukaguzi una ada, na mavuno hupungua. Tafiti mbili kubwa za kulinganisha, ya 2012 na ya 2015, zilikuta upungufu wa kati ya 19% na 25%. Mkulima akiuza nyanya hai kwa bei ya nyanya za lori, mimi humwogopa.

Je, mtoto akila chakula hai atakuwa na afya kuliko wa jirani? Hapa wataalamu wenyewe wamevutana. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford walikusanya tafiti nyingi, wakasema hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba kina virutubisho zaidi, ingawa mabaki ya dawa yalikuwa machache. Mwaka 2014 wenzao wa Newcastle, Uingereza, wakapitia maandiko 343, wakakuta viondoa sumu vya asili (antioksidanti) ni vingi zaidi katika mazao hai, madini mabaya ya kadimiamu ni machache, na mazao ya kawaida hukutwa na mabaki ya dawa mara 4 zaidi. Kwenye mabaki ya dawa wote wanakubaliana. Kwenye virutubisho hapana, na tofauti zenyewe si kubwa ya kumfanya mtu auze kitanda.

Wifi yako huenda akakutajia saratani, maana ndiyo habari iliyozunguka sana kwenye simu. Mwaka 2018 utafiti wa Ufaransa uliofuatilia watu karibu 69,000 ulikuta waliokula chakula hai kwa wingi walipata saratani kwa 25% pungufu kuliko waliokula kidogo. Lakini 2014 utafiti wa Uingereza wa wanawake zaidi ya 600,000 haukuona upungufu huo. Anayemudu chakula hai kwa kawaida pia havuti sigara, hula mboga nyingi, ana daktari wake. Kuyatenganisha hayo yote na nyanya ni kazi ngumu, na mimi singeweka pesa ya mvuvi juu yake.

Jambo ambalo ningeliweka pesa juu yake ni wingi wa mboga. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa msimamo wake 2012 kilisema hivyo hivyo: chakula hai kina dawa pungufu, ushahidi wa kumfanya mtoto awe na afya zaidi haujapatikana, na la muhimu ni mtoto ale matunda na mboga za aina nyingi, ziwe hai au za kawaida. Wewe ulinunua kikapu ukala mboga siku tatu. Mjamzito wa miezi sita, siku nne na mchuzi mtupu! Hapo kikapu kilikupunguzia afya, hata kama kila kilichomo kilikuwa cha kweli.

Basi ikiwa una pesa kidogo ya ziada, iende wapi? Iende kwenye vile vinavyopigwa dawa sana na kuliwa na ganda lake. Nyanya ndiyo ya kwanza. Kisha sukuma, kabichi, hoho. Papai, ndizi, nanasi, parachichi na tikiti unavimenya, na ganda hilo hubeba sehemu kubwa ya dawa, kwa hivyo nunua vya kawaida bila hofu. Nazi na dafu usiende kuvilipia stika hata senti moja. Nani pwani hii anapanda mnazi na pampu? Muhogo vilevile. Mchicha, mnavu, matembele na kisamvu, vikiwa vimetoka kwenye viunga vya nyumbani, mara nyingi havijaona dawa kwa sababu wadudu hawavisumbui kama wanavyosumbua sukuma. Ungetaka kupunguza dawa nyumbani kwako kwa siku moja tu, bila kulipa zaidi, ningekuambia badilisha nusu ya sukuma yako kwa mchicha na kisamvu. Watoto watalalamika. Watazoea.

Mavyaa wako sasa. Kukosa stika hakumfanyi asiwe mkulima hai, na wifi alimkosea mama yake mzazi. Lakini nawe usidhani kwamba cha kienyeji lazima hakina dawa. Tangu viwavijeshi vya mahindi vilipoingia Kenya 2017, wazee wengi ambao hawakuwahi kushika pampu wamejifunza. Wengine wanatumia dawa ya magugu kwa sababu vijana wa kulima hawapatikani. Wengine hunyunyizia unga wa dawa kwenye mahindi na kunde za ghalani, na unga huo ni dawa kamili hata kama unauzwa kwenye pakiti ndogo ya dukani. Kaa naye mnapochambua kunde, muulize kama mtu anayetaka kujifunza: mama, hizi ulizihifadhije zisibunguliwe? Akisema kwa unga wa dawa, ziosheni vizuri, na msimu ujao mnunulieni mifuko ile isiyopitisha hewa, wadudu hufa wenyewe ndani kwa kukosa pumzi. Akisema kwa jivu, mshukuruni.

Nikiwa hapo kwa mahindi: kuvu. Hii hakuna stika inayoizuia. Mahindi au njugu zilizovunwa zikanyeshewa, au zikafungiwa kabla hazijakauka sawasawa, huota kuvu lenye sumu ya aflatoksini, na joto hili letu la pwani linaipenda. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 upande wa Makueni na Kitui, wakafa 125. Yalikuwa mahindi ya kwao wenyewe, ya shambani kwao. Punje iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo usimpe hata kuku. Kusema kweli, kati ya hatari zote nilizozitaja hii ningeiweka juu ya nyanya ya wifi.

Lakini kuhusu nyanya hiyo wifi hakukosea kabisa. Unga mweupe karibu na kikonyo kwa kawaida ni dawa ya ukungu, na inayotumika sana inaitwa mankozebu. Umoja wa Ulaya uliamua mwisho wa 2020 kutoiongezea kibali. Bahati ni kwamba hukaa juu ya ganda, haipenyi sana, kwa hivyo kuiosha kunasaidia. Ila ioshe kabla haijaingia sufuriani. Moto hauiondoi: sehemu yake hugeuka kuwa kitu kingine kiitwacho ETU, kibaya kuliko yenyewe. Zioshe nyanya chini ya maji yanayotiririka huku ukizisugua kwa vidole, ukate sehemu ya kikonyo uitupe. Ukitaka zaidi, ziloweke kwenye maji yenye bekingi soda, vijiko viwili vidogo kwa lita moja, kama robo saa, kisha suuza. Watafiti wa Massachusetts walijaribu hivyo kwa matufaha 2017, wakakuta dawa nyingi ya juu ya ganda imetoka, ingawa iliyokwisha kupenya ilibaki. Magadi siyo bekingi soda. Na sabuni ya kufulia usiitumie, najua wapo wanaofanya hivyo.

Halafu hiyo Alhamisi na Jumamosi ya shemeji yako. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, na hutofautiana: nyingine siku chache, nyingine wiki mbili. Anayepuliza leo na kuvuna keshokutwa bila kuitazama lebo ndiye anayetuletea sokoni nyanya iliyobeba dawa kuliko inavyoruhusiwa, na hata dawa halali huwa haramu kwa mkono wake. Lakini fikiria ulichonacho: una mtu ndani ya mashamba! Wifi analipa 1,800 kununua neno la muuzaji, na kwenu yuko kijana anayejua ni mkulima gani anasubiri na yupi hasubiri. Mwambie akutafutie yule anayesubiri. Nunua kwake kreti mkiwa majirani watatu, mgawane. Hazitakuwa nyanya hai, lakini zitakuwa nyanya unazozijua, kwa bei ya mvuvi.

Wifi usimjibu kwenye video, na usimjibu mbele ya mavyaa. Mpigie siku nyingine, asubuhi, akiwa ametulia. Anza kwa kumshukuru, maana kikapu cha kwanza alikilipa kwa pesa yake na unga ule mweupe aliuona yeye. Kisha mpe hesabu bila kulalamika: tuna 4,000, kikapu ni 1,800, wiki ile tulikula mboga siku tatu. Mtu wa Nairobi anaelewa hesabu. Ikiwa bado anataka kusaidia, mwambie kuna pahali pa kusaidia penye maana zaidi. Yule anayevuta dawa hewani kila siku, bila barakoa, bila glavu, kwa kandambili, ni mdogo wake wa tumbo moja. Buti, glavu za mpira na barakoa ya kupulizia dawa avinunue yeye dada mtu, na amwambie kijana kwa sauti ya dada kwamba pampu hairudi nyumbani. Wewe ukimwambia atakutania tu. Dada yake atamsikia.